Hevi metali inatafutwa kwa ukoo: jibu kwa kijana wa Moro aliyekwama na bendi tatu

Swali: Kaka shikamoo. Niko Moro, nina miaka 22, napenda sana hevi metali ila nimekwama. Bendi zangu ni tatu tu, Metallica, Slipknot na System of a Down, kila nikifungua apu ya muziki inanirudishia hizohizo au zinazofanana nazo mpaka zimenichosha. Nikijaribu kusoma kuhusu mitindo mingine nakutana na majina kibao, dethi, blaki, dumu, thrashi, pawa, sijui nianzie wapi, na bando lenyewe ndo hivyo tena la kuungaunga. Wewe bendi mpya unazipataje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Swali lako limenikumbusha fulana. Mwaka 2003 nilinunua fulana nyeusi ya mtumba pale Karume, jamaa alikuwa amepanda juu ya meza anapiga makofi na kuimba bei, nikaichomoa kwenye lundo kwa sababu tu ya picha, kuna mtu kajipaka uso rangi nyeupe ameshika kinara cha mishumaa huku kaachama mdomo, na juu yake kuna kitu ambacho mimi nilidhani ni mizizi ya mkoko. Nikaivaa karibu mwaka mzima sijui kama ile mizizi ni maandishi! Siku nilipostuka kwamba yale ni maandishi nikaenda intaneti kafe, sasa utaandika nini kwenye kompyuta wakati herufi yenyewe huijui, nikarudi nyumbani na hela yangu ya nusu saa imeenda bure. Aliyenisomea ni baharia mmoja wa mtaa wa pili, kaitazama kidogo tu akasema hao Darkthrone, watu wa Norway.

Nakuambia hii kwa sababu ile fulana moja ndo imenipa nusu ya bendi ninazosikiliza mpaka leo, na sio kwa sababu Darkthrone ni bora kuliko wengine, ni kwa sababu ya nilichofanya baada ya kulijua jina. Niliwauliza vile wazee wanavyouliza posa ikija. Huyu mtoto wa nani? Kakulia wapi? Nani kamlea? Ndugu zake wako wapi siku hizi? Bendi za metali zina ukoo, mdogo wangu, na ukoo wenyewe umeandikwa wazi, apu haikuonyeshi tu kwa sababu yenyewe inaangalia watu wengine waliosikiliza Metallica wamesikiliza nini, na wao wamesikiliza Slipknot, basi mnazungushana humohumo kama daladala kituoni.

Tuangalie hiyo Darkthrone. Albamu kwenye fulana yangu ilikuwa Transilvanian Hunger ya 1994, blaki metali ya baridi kabisa, sauti imerekodiwa vibaya makusudi kama redio ya mkulima iliyoishiwa betri. Lakini ukirudi nyuma unakuta albamu yao ya kwanza, Soulside Journey ya 1991, sio blaki kabisa, ni dethi metali, ile ya kuimba kwa kunguruma, na wameenda kuirekodi Stockholm, Sweden, kwenye studio inaitwa Sunlight. Sasa hapo mimi nikaacha kuuliza habari za Darkthrone nikaanza kuuliza habari za Sunlight, nani wengine wamerekodi pale. Nikakutana na Entombed, albamu yao Left Hand Path ya 1990, na Dismember na Grave wa 1991, na zote gita zao zinalia mlio mmoja ambao ukishausikia huusahau, kama msumeno wa mbao umekwama kwenye fundo. Siri yake ni kipedali kimoja cha Boss kinaitwa HM-2, yaani kile kisanduku cha kukanyaga kwa mguu kinachokwaruza sauti ya gita, kina nobu nne, hawa jamaa wakazizungusha zote nne mpaka mwisho. Ndo hivyo tu! Kitu ambacho fundi yeyote mwenye akili timamu angekukataza. Mpaka leo kuna bendi za vijana wadogo Ulaya na Marekani zinatumia hichohicho kipedali kwa hizohizo nobu, kwa hiyo ukitafuta tu bendi za HM-2 unapata kazi ya kusikiliza mwaka mzima.

Alafu nikauliza lebo, yaani kampuni inayotoa rekodi zao. Darkthrone walitolewa na Peaceville ya Uingereza, na Peaceville hiyohiyo ndo ilikuwa na Paradise Lost, My Dying Bride na Anathema, bendi tatu za kule kaskazini mwa Uingereza zilizochukua kunguruma kwa dethi zikapunguza mwendo mpaka ikawa kama msafara wa kwenda makaburini, hiyo ndo dumu, My Dying Bride hata fidla wameweka. Halafu Fenriz, mpiga dramu wa Darkthrone, ni mtu wa ajabu, miaka mingi kafanya kazi posta, kuna wakati chama kikamwomba kuwa diwani wa akiba kijijini kwao Kolbotn akapiga picha na paka wake akiomba watu wasimpigie kura, wakampigia. Huyo bwana kazi yake nyingine ilikuwa kuwatangazia watu bendi zisizojulikana, wiki baada ya wiki, kwa hiyo ukimfuata yeye tu unapata za Chile, za Ugiriki, za Canada. Na kila mahojiano anataja wazee wake, Bathory wa Sweden na Celtic Frost wa Uswisi, wote walianza kutoa albamu kwenye mwaka 1984 hivi. Hesabu sasa: fulana moja ya Karume imenipa blaki, dethi na dumu, na sijafungua hata pleilisti moja.

Twende kwa bendi zako basi, usije ukasema nakuhadithia habari za fulana tu.

Metallica ndo rahisi kuliko wote maana wao wenyewe wamekuandikia ukoo wao. Mwaka 1998 walitoa Garage Inc., albamu mbili kwa pamoja za nyimbo za watu wengine. Chukua lile orodha la nyimbo, usisikilize Metallica, nenda kawasikilize wenyewe. Diamond Head wa Uingereza, albamu yao ya kwanza ya 1980, utaona Metallica wametoka humo kabisa, hawajaficha. Mercyful Fate wa Denmark, mwimbaji wao King Diamond ana sauti inapanda juu mpaka unadhani kuna mtu wa pili, na ukimpenda huyo basi mlango wa pawa metali umeufungua bila kujua, nenda moja kwa moja kwa Helloween wa Ujerumani, Keeper of the Seven Keys ya 1987, gita mbili zinakimbizana na kiitikio cha kuimba na uwanja mzima. Motörhead nao wamo. Na kuna wimbo mmoja wa Queen humo, Stone Cold Crazy, asili yake ni 1974, na aliyeuimba kwanza ni mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, Freddie Mercury. Mwaka 1974! Kasi ile ilikuwa bado haina jina. Metallica wakaja kuchukua Grammy kwa huohuo wimbo mwaka 1991, sijui kwa nini huku kwetu hili hatulisemi kila siku.

Slipknot, mfuate marehemu Joey Jordison, mpiga dramu wao. Mwaka 2004 aliwahi kwenda ziara na Satyricon wa Norway kama mpiga dramu wa kuazimwa, kwa hiyo ukitaka daraja la kutoka Slipknot kwenda blaki metali, daraja ni mtu huyo. Na kama unachopenda kwa Slipknot ni ule uzito wa albamu ya Iowa, basi wewe ni mtu wa dethi metali hujajijua tu. Huko nenda Tampa, Florida, ulizia studio ya Morrisound na prodyuza Scott Burns, mwishoni mwa miaka ya 80 na mwanzoni mwa 90 kila mtu alikuwa anapanga foleni pale, Death, Obituary, Deicide, Cannibal Corpse, hata Sepultura wametoka Brazil kwenda kurekodi Arise ya 1991 palepale. Kwa mtu anayeanza mimi nampa Obituary kwanza, wanaenda taratibu, rifu unaishika. Rifu ni ule mchapo wa gita unaojirudia, nitarudi kwake.

System of a Down ni Waarmenia wa Los Angeles, na ladha unayoisikia ukashindwa kuitaja ni muziki wa kwao umeingia humo. Basi tafuta wengine waliofanya hivyo na kwao. Sepultura tena, albamu ya Roots ya 1996, walienda kukaa na watu wa Xavante wakarekodi nao. The Hu wa Mongolia wana morin khuur, zeze lenye kichwa cha farasi, na wanaimba kwa koo. Alien Weaponry wa New Zealand wanaimba Kimaori. Voice of Baceprot ni wasichana watatu wa Indonesia wamevaa hijabu zao na wanapiga kwa nguvu kuliko wanaume wengi ninaowajua. Arka'n Asrafokor wa Togo wamechanganya ngoma za kwao na thrashi, hao wasikilize kwa spika kubwa, ngoma zinakaa chini ya gita sio pembeni.

Kama ningeruhusiwa kukupa rekodi moja tu ya kufundishia ukoo ningekupa Scum ya Napalm Death, Birmingham, 1987. Ni grindikoa, dramu zinamiminika kama mvua ya mawe juu ya bati, wimbo mmoja unaitwa You Suffer una sekunde 1 na kidogo, umeisha kabla hujakaa. Huenda usiupende, sawa. Lakini upande wa kwanza gita kapiga Justin Broadrick, akaondoka akaenda kuanzisha Godflesh, metali ya mashine, nzito kama kiwanda. Upande wa pili gita ni Bill Steer, yeye akabaki na Carcass. Mwimbaji wa upande wa pili, Lee Dorrian, alichoka na kasi akaenda kufanya kinyume chake kabisa, akaanzisha Cathedral wanaotambaa. Rekodi ya dakika thelathini na kitu, imezaa nyumba tatu na hazifanani hata sura.

Sasa hayo majina ya mitindo yasikutie presha, yamekuja baadaye mengi yake, kama majina ya utani. Blaki metali imeitwa hivyo kwa sababu Venom wa Newcastle waliipa albamu yao ya 1982 jina hilo, na ukiisikiliza wala haifanani na Wanorway. Thrashi ni ya kasi na mkono wa kulia unafanya kazi kama cherehani, kaa na Slayer, Reign in Blood ya 1986, haifiki hata nusu saa, bando litakushukuru. Dumu metali ndo naipenda kuliko zote na jina lenyewe kwa Kiswahili limekaa vizuri, ni mwendo wa mtu aliyebeba dumu la lita 20 anapanda kilima. Sleep wa California wana wimbo mmoja unaitwa Dopesmoker, mmoja, zaidi ya saa nzima. Huo weka kwa bando la usiku.

Na hiyo dumu chanzo chake ni ajali ya kiwandani. Tony Iommi wa Black Sabbath alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati Birmingham, siku yake ya mwisho kazini mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na yeye anapiga gita kwa mashoto, maana yake vidole vilivyokatwa ni vilevile vya kubana nyuzi. Msimamizi wake akamletea rekodi ya Django Reinhardt, mpiga gita aliyeungua mkono akabaki anatumia vidole viwili. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo akajitengenezea vikofia vya vidole, akavivalisha ngozi, akatumia nyuzi nyembamba, na kufikia Master of Reality ya 1971 akawa amezilegeza nyuzi toni moja na nusu chini ili zisimuumize. Ule uzito unaousikia kwenye kila bendi ya dumu leo ni nyuzi zilizolegezwa kwa ajili ya vidole vya mtu mmoja. Kwa hiyo ukiambiwa bendi fulani imelegeza nyuzi ujue ni wajukuu wa huyo mzee.

Habari ya bando. Usianze kwa kusikiliza, anza kwa kusoma, maandishi hayali MB nyingi. Kuna tovuti inaitwa Encyclopaedia Metallum, watu wanaiita Metal Archives, ipo tangu 2002, kila bendi ina ukurasa wake, wanachama wa sasa na wa zamani na kila mmoja ukimbonyeza unaona bendi zake zote nyingine, yaani ukoo umewekwa mezani. Pia kuna sehemu ya bendi zinazofanana, zimependekezwa na watu wenyewe sio mashine. Na unaweza kutafuta kwa nchi, hiyo ndo michezo yangu ya Jumapili, nachagua nchi, nasoma, naandika majina matano kwenye daftari, ndo nafungua data. Usishtuke ukiwakosa Slipknot humo, wale wasimamizi wana roho ngumu na wamekataa bendi nyingi za aina hiyo, mimi naona ni ukiritimba wa kitoto lakini ndo kwao. Ukienda kutafuta andika tahajia ya kizungu, death, doom, thrash, mimi hapa nimeandika kwa mdomo wetu. Ukishapata majina nenda Bandcamp, bendi ndogo nyingi zinaweka albamu nzima pale unasikiliza kabla ya kununua, na chini ya kila albamu unaona walioinunua na vitu vingine walivyonunua, bonyeza mtu mmoja mwenye ladha kama yako umfuate yeye. Mabango ya matamasha nayo ni dhahabu, Wacken ya Ujerumani, Hellfest ya Ufaransa, Roadburn ya Uholanzi, usiangalie majina makubwa ya juu, shuka mstari wa mwisho kabisa ulioandikwa kwa herufi za kuumiza macho.

Na kabla hujaenda Norway pita kwanza hapa jirani. Duma wa Nairobi, watu wawili, albamu yao ilitoka 2020 kwa lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mswahili ukiona jina unamwaza yule mnyama wa mbio, kumbe kwa Kikikuyu ni giza, na ukisikiliza unakuta yote mawili yamo, hakuna dramu ya kawaida, ni mashine zinagonga mpaka zinavuka kuwa kelele na juu yake mtu anapiga mayowe kama kafungiwa chumba cha pili. Mara ya kwanza nilizima. Mara ya tatu nikaanza kusikia chini yake kuna ngoma, na sikuzima tena. Yule mwimbaji siku hizi anajiita Lord Spikeheart, 2024 katoa The Adept akiwa peke yake. Kampala kuna Vale of Amonition wanapiga dumu. Botswana ndo usiseme, kuna Overthrust, Skinflint na Wrust, na mashabiki wao wanavaa ngozi nyeusi, kofia za kichunga ng'ombe na mabuti kwenye jua lile la Kalahari.

Tahadhari moja na siipaki sukari. Kwenye blaki metali kuna watu wabaguzi, wengine Wanazi wa wazi kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 90 kule Norway makanisa yalichomwa, na Varg Vikernes wa Burzum alifungwa 1994 kwa kumuua mwenzake wa bendi ya Mayhem. Sisi na rangi yetu hii hatuna sababu ya kuwapa hela watu wasiotutaka, kwa hiyo bendi ukiipenda soma kwanza dakika mbili wanasema nini, nyingi hazina shida, chache zina harufu utaisikia.

La kusikiliza lenyewe sasa. Kunguruma kukikukera usilazimishe kusikia maneno, hata mimi sisikii, isikilize ile sauti kama besi ya pili na macho yako weka kwenye gita. Usiipe bendi nafasi kwa wimbo wa kwanza wa albamu, mara nyingi ni utangulizi tu wa upepo na kengele, ruka mpaka wa tatu. Tafuta rifu moja. Ukiipata ukajikuta unaiguna ukiwa unaosha vyombo kesho yake, hiyo bendi ni yako, fungua ukurasa wao uanze kuulizia wazazi. Usipoiguna, achana nao, hata kama dunia nzima inawasifia, mimi Dream Theater nimewajaribu tangu enzi za kaseti na mpaka leo nawaheshimu tu kwa mbali.

Wiki hii fanya hivi basi: Obituary jumatatu, Diamond Head katikati, Duma ijumaa usiku ukiwa na hedifoni na bando jipya, alafu niandikie kati ya hao umemguna nani, nikupe ndugu zake. Ile fulana usiniulize kama bado ninayo, mke wangu aliichana mwaka juzi akaifanya tambara la kufutia pikipiki, na fundi wangu juzi kaiokota kaigeuzageuza akaniuliza hii michoro ya mizizi ni ya mti gani.